Naomba ushauri: Migusano ya asidi amino kwenye kimeng'enya cha malaria, kila nikibadili kipimo jibu linabadilika

Binti wa Rau

Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, nasoma shahada ya uzamili na nipo kwenye tasnifu. Huu mwezi wa pili nimekwama, naomba wenye uzoefu wanishike mkono.

Kazi yangu ni kimeng'enya cha Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, kinachoitwa DHFR, ambacho kimelea hukihitaji kutengeneza DNA. Hicho ndicho kinacholengwa na pirimethamini, ile nusu ya pili ya vidonge vya SP (salfadoksini na pirimethamini). Nchi iliacha kutumia SP kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006 tulipohamia dawa ya mseto, lakini wajawazito bado wanapewa kliniki kama kinga. Dada yangu ana mimba ya miezi sita, wiki iliyopita amevimeza mbele ya muuguzi. Kwa hiyo swali la kimelea kinavyoikwepa hii dawa kwangu si la kupatia alama tu.

Nimepakua miundo miwili kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini: 1J3I, ya kimelea kisicho na usugu, na 1J3J, yenye mabadiliko mawili, C59R na S108N (herufi ya kwanza ni asidi amino ya zamani, namba ni nafasi yake, ya mwisho ni mpya). Nimeandika programu ndogo ya Python inayopima umbali kati ya kaboni alfa, yaani kaboni ya katikati, za kila asidi amino mbili. Umbali ukiwa chini ya anstromu 8 (anstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), nahesabu kwamba zinagusana. Kisha nalinganisha orodha mbili nione mguso upi umepotea na upi umezaliwa.

Orodha ni ndefu mno, na tofauti zimetapakaa protini nzima, hata sehemu ambazo ziko mbali kabisa na dawa. Msimamizi wangu kaniuliza, "Hiyo 8 umeitoa wapi?" nikakosa la kusema. Nikaweka 7, tofauti zikawa nyingine kabisa.

Kikomo sahihi ni kipi? Na laptopu yangu ya RAM GB 8 inatosha, au nitafute mashine kubwa? Natanguliza shukrani.

Mwana Kibosho

Laptopu inatosha na kubaki, dada. Protini hiyo, pamoja na kimeng'enya TS kilichoungana nayo, ina asidi amino 608, ukizipanga mbilimbili ni jozi 184,528. Kompyuta haitatoa hata jasho. Ukija kupima atomi zote tumia NeighborSearch, kifaa cha kutafuta atomi zilizo karibu kilichomo ndani ya maktaba ya Python iitwayo Biopython, usizungushe kitanzi juu ya kitanzi. Hilo la kikomo nawaachia wenyewe.

Njiro Juu

Binti wa Rau, pole na hongera. Nimefanya kazi hizi miaka kadhaa, ngoja nieleze kwa kirefu kidogo.

Hiyo 8 ina kwao. Kwenye mashindano ya CASP ya kutabiri maumbo ya protini, asidi amino mbili huhesabiwa kuwa zinagusana kaboni beta zake, yaani kaboni ya kwanza ya mkono wa pembeni, zikiwa chini ya anstromu 8. Beta, si alfa. Alfa inatumika kwa glisini peke yake kwa sababu haina beta. Na swali la kule ni kama mnyororo umekunjwa inavyotakiwa. Swali lako ni jingine: nani kamshika nani, na badiliko limemwachisha nani. Kaboni alfa imekaa kwenye uti wa mgongo, haijui mkono wa pembeni umeelekea wapi. Chukua hiyo S108N. Serini imeondoka, ikaja asparajini, ambayo mkono wake ni mkubwa zaidi na unagongana na ile pete yenye klorini ya pirimethamini. Kaboni alfa ya 108 inaweza kubaki palepale ilipokuwa. Yaani kipimo chako kinapita juu ya tukio lenyewe bila kuliona, na inauma kwa sababu ndilo ulilokwenda kulitafuta.

Pima atomi zote isipokuwa haidrojeni, ambazo kwenye miundo mingi iliyopimwa kwa eksirei kutoka kwenye fuwele za protini hazimo hata hivyo. Kwa kila jozi chukua umbali wa atomi mbili zilizo karibu zaidi, ukiwa chini ya 4.5 hesabu mguso. Baada ya hapo zipe aina. Kifungo cha haidrojeni, kama 3.5 kati ya atomi inayotoa na inayopokea. Daraja la chumvi, 4 kati ya nitrojeni yenye chaji chanya na oksijeni yenye chaji hasi. Msimamizi akiuliza tena, kila namba utakuwa na sababu yake.

Halafu ondoa majirani. Kaboni alfa mbili zinazofuatana ziko 3.8 karibu siku zote, na ile inayofuata baada ya hapo haifiki 8. Kwa asidi amino 608 hizo ni jozi 607 na 606, jumla 1,213 ambazo hazikuambii chochote zaidi ya kwamba mnyororo ni mnyororo. Watu wengi huanza kuhesabu kuanzia ya nne mbele. Ukifanya hivyo migusano ya ndani ya heliksi, pale mnyororo ulipojisokota kama springi, itabaki, sasa amua kama unaitaka.

Mama Nkoaranga

Njiro Juu kasema vizuri, ila kuna jambo zito zaidi limepita. Mwanangu, angalia kilichokaa ndani ya hayo mafaili. 1J3I imeshika WR99210, dawa nyingine inayozuia kimeng'enya hicho hicho. 1J3J imeshika pirimethamini. Umebadilisha kimeng'enya na umebadilisha dawa kwa mpigo, sasa ukiona mguso umepotea utajuaje nani kauondoa? Hata upime kwa kikomo gani, hapo hakuna jibu.

Chukua 1J3K. Ina mabadiliko manne, N51I, C59R, S108N na I164L, na imeshika WR99210 ileile. Linganisha 1J3I na 1J3K, dawa moja, kilichobadilika ni kimeng'enya. 1J3J itumie peke yake, kuona pirimethamini imekaaje ikiwa na asparajini pale 108, na aspatiki ya 54 inaishikaje.

Kijana wa Sakina

Mimi ningependekeza njia fupi. Huku kwetu kinachosumbua ni mabadiliko matatu, hiyo 164 ni nadra Afrika. Si aandike mfuatano wa matatu, AlphaFold, ile programu ya kutabiri maumbo ya protini, imtengenezee muundo?

Mama Nkoaranga

Hapana, kijana wangu. AlphaFold ukibadilisha asidi amino moja au mbili mara nyingi inakurudishia umbo lilelile. Ni nzuri kwa umbo zima, ila kwa athari ya badiliko moja haijathibitika kuaminika. Afadhali 1J3K, kisha aandike wazi kwamba 164 imo na aitazame kando.

Njiro Juu

Mama umeniokoa, hilo la dawa sikuliangalia. Niongeze moja, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Binti wa Rau, kila faili kati ya hayo lina nakala mbili za kimeng'enya. Kabla hujalinganisha kimelea na kimelea, linganisha nakala ya kwanza na ya pili ndani ya 1J3I yenyewe. Ni protini ileile, dawa ileile, fuwele ileile. Tofauti zitakazotokea haziwezi kuwa za usugu. Hizo ni kelele za kipimo. Ziandike, halafu ukija kwa 1J3K kila tofauti iliyokwishaonekana kati ya nakala mbili za 1J3I uifute. Inayostahili kuitwa ya usugu ni ile inayotokea katika nakala zote mbili za 1J3K na haipo katika nakala yoyote ya 1J3I.

Na usiseme mguso umepotea kwa sababu ulikuwa 4.4 ukawa 4.6. Mimi husema umepotea ukitoka chini ya 4.5 ukavuka 5.5. Hiyo ndiyo sababu 7 na 8 zilikupa majibu mawili: jozi nyingi zilikuwa zimesimama kwenye mstari. Kagua pia vipande visivyoonekana kwenye fuwele, maana asidi amino isiyo na atomi kwenye faili haijapoteza mguso, haikupimwa tu. Na atomi zenye nafasi mbili, A na B, chagua moja.

Binti wa Rau

Nimesoma mara tatu. Mama Nkoaranga shikamoo, na asante sana. Sikuwahi kufungua faili kuangalia dawa ni ipi, nilisoma kichwa cha habari tu. Wiki zote hizo nilikuwa nalinganisha dawa mbili nikidhani nalinganisha vimelea viwili.

Usiku huu naanza na nakala mbili za 1J3I. Swali la mwisho: dawa yenyewe na NADPH, molekuli ndogo ambayo kimeng'enya huihitaji ili kifanye kazi, niziingize kwenye orodha ya migusano au nibaki na asidi amino tu?

Mama Nkoaranga

Marahaba. Ziingize, ila kwenye orodha yake. Na maji yaliyo mfukoni mwa dawa usiyafute kabla hujayatazama, kuna mguso mwingine hupitia kwenye tone moja. Ukikwama Jumamosi, mimi niko Tengeru, panda Coaster uje na laptopu.