Mastazi ya saikolojia: ada mnachukua, mafunzo ya utafiti yako wapi?

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Nasoma mastazi ya saikolojia ya ushauri hapa Unguja. Chuo sikitaji, wenyewe wanajijua.

Mbinu za utafiti tumesomeshwa mbio mbio: fomula ya Yamane ya 1967 ya kutafutia sampuli, alfa ya Cronbach, kipimo cha kama maswali ya dodoso yanaoana, ikifika 0.70 dodoso limepita, mtihani, kwaherini. Kukaa na mtu ukamuuliza yaliyomo moyoni mwake, hapana aliyetufundisha. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu ipo hapo hapo mjini, hatujapelekwa hata siku moja. SPSS, ile programu ya kuchambulia takwimu? Nenda stashionari, kuna kijana anakuchakatia kwa pesa, na msimamizi anajua!

Lililonichefua ni hili. Nimekwenda Micheweni, Pemba, kukusanya data na PHQ-9, dodoso la kupimia dalili za sonona. Kwa msioijua: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kutazamwa vizuri kama ana sonona. Swali la mwisho linauliza kama kwa wiki mbili zilizopita umewaza bora ufe, au ujidhuru. Haya, umeshauliza. Mama wa watu kainamisha kichwa, anakokota ncha ya mtandio, anakwambia, "Karibu kila siku, mwanangu." Unafanyaje? Pendekezo langu zima la utafiti, na hiyo sura ya tatu yao ndefu ya mbinu, halina mstari mmoja unaosema mtu kama huyu nimkabidhi nani. Msimamizi alilipitisha hivyo hivyo, kazi yake ilikuwa kusahihisha koma na marejeo. Nampigia palepale, hapokei. Natuma ujumbe, tiki za bluu, kimya. Aliyeniokoa ni muuguzi wa kituo cha afya, Mungu ampe kheri, aliyeacha shughuli zake akaja akakaa naye.

Na kibali je? Tuliambiwa cha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya Bara, kinatosha. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, afya siyo, na Zanzibar ina bodi yake ya maadili ya utafiti wa afya. Msimamizi wa wanafunzi wa hapa halijui hilo?

Sasa nauliza: kuna aliyewahi kuwapelekea TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, malalamiko ya maandishi akajibiwa? Na mlio vyuo vyengine, kabla hamjashuka uwandani mnafundishwa nini kuhusu mtu akijibu ndiyo kwenye swali kama lile? Wale wa "we maliza tu uchukue cheti chako" piteni kimya kimya.