Mnaopasua laibrari za familia moja kuwa pakeji nane, mnatutesa huku mashuleni

Wakuu, habari za jioni. Leo sizunguki mbuyu, nina hasira na mnaofunga pakeji za Linux, yaani mafurushi ya kuwekea programu na laibrari (misimbo inayotumiwa na programu nyingi).

Mimi ni fundi, nahudumia kompyuta za shule za sekondari hapa Dodoma: Chamwino, Kongwa, mpaka Mpwapwa. Nyingi ni mashine kuukuu zenye Linux, na shule zenyewe hazina intaneti ya maana. Intaneti ni simu ya mwalimu na bando alilonunua kwa hela yake. Kwa hiyo kila kitu nakipakua mjini, nakibeba kwenye flashi.

Wiki hii nilikuwa shule moja huko Kongwa kuweka VLC, programu ya kuchezea video. Orodha ya pakeji niliitoa kwenye mashine mojawapo ya maabara, kwa sababu zote ziliwekewa mfumo siku moja, kwa diski moja. Za wanafunzi zikakubali zote. Nafika kwenye mashine ya mwalimu, ile yenye projekta, ikagoma. Kumbe mwalimu aliwahi kuwekewa programu ya kurekodi skrini, na hiyo ilikuja na laibrari ya libavfilter7. Sasa libavfilter7 imefungwa na mwenzake libavutil56 ya toleo lile lile, hadi tarakimu ya mwisho ya mkia wa namba ya toleo. Mimi nimebeba libavutil56 yenye kiraka cha usalama, tarakimu moja imepanda. Apt, programu inayoweka pakeji, ikakataa, na ilikuwa na haki: ukipandisha libavutil56, libavfilter7 iliyopo inavunjika, na libavfilter7 mpya haimo kwenye flashi kwa sababu mashine zingine hazina habari nayo kabisa.

Kidato cha Pili wameshakaa, wanasubiri video ya Baiolojia. Mwalimu ananiuliza, "Fundi, si ulisema umekuja na kila kitu?" Nimjibu nini? Nimweleze habari za libavfilter?

Tuambiane ukweli. libavutil, libavcodec, libavformat, libavfilter, libavdevice, libswscale, libswresample na libpostproc, zote hizo zimetoka kwenye msimbo mmoja wa FFmpeg, mradi wa kushughulikia video na sauti. Kwenye matoleo tuliyonayo huku zinajengwa pamoja na zinatoka pamoja. Halafu anakuja mfungaji wa pakeji, anazikata vipande vinane, kisha anaziwekea sharti kwamba zisipokeane ila za toleo lile lile. Sasa hapo umetenganisha nini? Kama hakuna hata moja inayoweza kupanda peke yake, ulichogawa ni majina tu, na kazi ya kuzikusanya umemtupia mtu aliyeko kijijini na flashi mkononi.

Najua mtakuja na sera ya Debian, mojawapo ya distro (mifumo ya Linux iliyofungashwa tayari). Nimeisoma. Sura ya 8 inaruhusu laibrari za chanzo kimoja kukaa kwenye pakeji moja, mradi SONAME zake (majina yenye namba yanayozitambulisha) zitabadilika pamoja siku zote; ukiwa na shaka, tenganisha. Na ni kweli, FFmpeg 6.0 ilipotoka libavcodec ilihama kutoka 59 kwenda 60, lakini libswresample ikabaki 4. Ukiwa umezifunga pamoja, pakeji ya zamani na mpya zitagombania faili hilo hilo wakati wa kuhama. Hoja hiyo naielewa na naiheshimu. Lakini hilo ni tatizo la siku ya kuhamia toleo kubwa. Sisi tunakaa na toleo moja la distro miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo SONAME haziguswi, vinakuja viraka tu. Kwenye viraka ndipo tunapoumizwa, na hapo huo mgawanyo hautusaidii chochote. libavdevice sawa, iacheni nje, maana inavuta mambo ya skrini na sauti ambayo seva haiyahitaji. Hizo nyingine zifungeni pamoja.

Na msiniambie habari za apt-offline, chombo cha kupakulia pakeji za mashine isiyo na intaneti. Naitumia. Inafanya kazi kwa faili la maombi la mashine husika, kwa hiyo maabara yenye mashine zisizofanana inabidi upite moja moja, urudi mjini upakue, upande tena gari stendi ya Nanenane. Ukichelewa kidogo, toleo uliloorodheshewa limeshaondolewa kwenye seva, unaletewa 404 (faili halipo). Kubeba hazina nzima ya distro nako ni mamia ya gigabaiti.

Kinachonichoma zaidi ni upande wa pili. Laibrari zinazotumiwa na kila programu, ambazo ndizo zilipaswa kukaa peke yake, zinamezwa! Mkumbuke Septemba 2023, hitilafu ya usalama CVE-2023-4863 kwenye libwebp, laibrari ya picha za WebP: picha moja iliyopikwa vibaya ingeweza kumpa mshambuliaji njia ya kuingia. Kwenye distro kiraka kilikuwa pakeji isiyofika hata megabaiti moja, na programu zote zinazoitegemea libwebp hiyo zikapona kwa mkupuo. Lakini programu za Electron, zinazojengwa juu ya kivinjari cha Chromium, kila moja ina Chromium yake tumboni, na libwebp yake humo ndani. Ikabidi tusubiri kila mwenye programu atoe toleo jipya kwa wakati wake, na kila toleo ni makumi ya megabaiti. Kwa bando la nani?

Yaani zinazohama pamoja mmezitawanya, na inayotakiwa na wote mmeifungia ndani ya kila programu. Geuzeni!

Naandaa ripoti ya hitilafu kwa distro husika, na sitaki iende na ushahidi wa shule moja. Mliopo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na kwingineko, mwenye mashine iliyogoma kwa sababu kama hii anibandikie hapa ujumbe wa apt pamoja na matokeo ya dpkg -l 'libav*' 'libsw*' 'libpostproc*', namba za matoleo zionekane zote hadi mkiani. Wa kuniambia "shule inunue bando" sitamjibu.