Tupeane uzoefu: boma la mbuzi lililo imara hapa Nairobi

Kamulu Kwetu
Wadau, hamjambo? Nina ploti huku Kamulu na mbuzi wa maziwa wako njiani. Kila fundi niliyemuuliza anaanza na urefu wa ua. Futi nne au tano ni sawa, hilo limeeleweka. Lakini nikiangalia maboma yaliyoharibika mtaani, mengi yameharibika chini kwenye udongo au pale mlangoni, si juu. Kwa hiyo naomba aliyejenga atueleze: nguzo gani, waya gani, mlango gani, na mvua ilipokuja kukawaje. Bei tuziache, zinabadilika kila siku.

Mama wa Ruai
Karibu sana ufugaji, ndugu yangu. Anza na udongo. Huu wetu mweusi wa mfinyanzi, mvua za Machi hadi Mei zikinyesha unavimba, kiangazi kikikaza unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Nguzo iliyozikwa futi moja haidumu hapo. Jirani yangu alijengewa na fundi mwenye haraka, na masika yalipoisha upande mzima ulikuwa umelala, mbuzi wanatembea juu ya waya kwenda kwenye sukuma wiki za watu. Ugomvi wake haukuwa mdogo.

Kwangu nilisimama na fundi shimo kwa shimo. Futi mbili na nusu kwenda chini, kokoto kidogo kitakoni, halafu zege, na juu zege likapewa mteremko ili maji yasituame kwenye mti. Nguzo za kona zina mihimili ya kuegemea pande mbili, maana hizo ndizo zinazobeba mvuto wa waya wote. Kuhusu mchwa, nunua mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani. Kuna wanaopaka oili chafu ya gari, mimi siikubali kabisa, mbuzi hulamba na kutafuna kila kilicho mbele yake.

Fundi wa Njiru
Mama amesema kweli. Mimi naongeza la waya. Upigilie upande wa ndani wa nguzo, yaani upande waliko mbuzi. Mbuzi hujisugua na kusimama kwa miguu miwili akiegemea ua. Waya ukiwa ndani, anausukumia kwenye nguzo. Ukiwa nje, kila siku anang'oa misumari kidogo kidogo mpaka siku moja unaachia.

Macho ya waya nayo yaangalie. Yale mapana ya inchi sita, mwenye pembe huingiza kichwa kufuata majani halafu hakitoki, na akiachwa juani hapo anaweza kufa. Vitoto navyo vinapita bila shida. Chini weka wavu wa chuma wa macho madogo, angalau futi mbili kwenda juu, na futi moja uukunje kuelekea nje uufukie. Mbwa wa mtaani huanza kuchimba pale pale ua unapogusa ardhi, akikuta wavu chini ya kucha anaacha.

Seng'enge ni ya juu na ya nje tu, kwa ajili ya wezi. Usiipitishe mahali kiwele kinaweza kugusa.

Jirani wa Mbuga
Mimi niko upande wa Lang'ata, na huku hesabu ni nyingine. Mbuga ya Nairobi ipo tangu 1946 na upande wake wa kusini uko wazi mpaka leo, wanyama wanapita. Fisi anachimba na kusukuma. Chui hata futi saba anapanda. Kwa hiyo ua wangu ni wa mchana pekee. Jioni mbuzi wanaingia bandani, juu mabati, madirisha yamezibwa kwa wavu wa chuma. Pia nina taa za kuwaka na kuzima, zile alizobuni Richard Turere akiwa kijana mdogo kule Kitengela ili simba waogope kuwasogelea ng'ombe wa kwao. Taa zinasaidia, lakini nisingelala kwa kutegemea taa bila paa.

Kamulu Kwetu
Asanteni sana, nimeandika yote. Na banda la kulala? Na wezi?

Mama Pacha, Dagoretti
Ploti yangu ni ndogo, mbuzi wangu hawatoki, kwa hiyo banda ndilo boma. Sakafu imeinuliwa futi tatu hivi, nafasi kati ya mbao kama sentimita moja na nusu. Kinyesi kinaanguka, kwato hainasi. Kabla ya hapo niliwakuta kwa mwenzangu wanalala kwenye tope, kwato zimeoza, kikohozi hakiishi. Kila mkubwa mpe kama mita moja na nusu ya mraba. Na majirani usiwapuuze: kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini ya 2015, ufugaji unaruhusiwa kwa masharti, lakini harufu ikizidi utashtakiwa tu. Zoa mara kwa mara, wenye bustani watakuja kuchukua mbolea.

Kwa wezi, mbao za ukuta zifungwe kwa bolti, nati zikae ndani. Misumari inang'olewa kwa nyundo bila kelele nyingi. Bawaba za mlango zichomelewe, kwa sababu kufuli kubwa kwenye bawaba za skrubu halimzuii mtu, anaung'oa mlango upande wa pili. Komeo la kuinua pia halifai, mbuzi hulichezea kwa midomo mpaka anajua. Weka la kusukuma, lenye tundu la kufuli, upande wa nje ambako mdomo haufiki.

Fundi wa Njiru
Na kizingiti cha mlango kiwe cha zege. Kamulu, kabla hujachimba tuma picha ya ploti, tuone maji yanaelekea wapi.