Violator ya Depeche Mode: rimasta ya 2006 imeminywa sauti, na wauzaji wanatupiga mchana kweupe

Wakuu, leo sizunguki. Nimepigwa, na nina hasira.

Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni alitangaza CD ya Violator, albamu ya bendi ya Uingereza Depeche Mode, akaandika kabisa "toleo la mwanzo, 1990", na picha ya kasha la zamani akaweka. Nikalipa bei ya toleo la zamani. Kilichofika ni toleo la miaka ya karibuni. Kumwandikia, ananijibu eti nyimbo ni zilezile tisa, sasa nalalamikia nini? Jibu hilo ndilo limenifanya nifungue uzi, maana hata humu wapo wanaoamini hivyohivyo.

Nyimbo ni zilezile, ndiyo. Sauti siyo, maana mwaka 2006 ilirimastiwa, yaani rekodi ileile iliandaliwa upya sauti yake.

Albamu hii ilitoka Machi 1990. Waliitengeneza Depeche Mode wenyewe na prodyuza Flood, na karibu nyimbo zote zikachanganywa (milio yake ikapangwa na kusawazishwa) na François Kevorkian. Ni muziki wa sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) lakini haujasongamana hata kidogo. Kila mlio umepewa pa kukaa. Chukua Personal Jesus. Vile vishindo vizito ni watu walirekodiwa wakiruka juu ya makasha ya kubebea vyombo. Kwenye CD ya 1990 unasikia kishindo chenyewe, halafu mlio wake unavyofifia, halafu upenyo mdogo kabla ya kingine kutua. Kwenye rimasta ya 2006 upenyo ule umezibwa. Kishindo hakigongi tena, kinasukuma tu, na gitaa limesogezwa mbele mpaka linakera.

Pabaya zaidi ni wimbo wa tano kwenda wa sita. Waiting for the Night ni wimbo wa kunong'ona, sintesaiza inazunguka taratibu na sauti za Gahan na Gore, waimbaji wa bendi, ziko chini. Baada yake inakuja Enjoy the Silence. Aliyepanga nyimbo alijua anachofanya: unatulizwa kwanza, kisha besi na ngoma zinakuingilia. Sasa ukishaupandisha ule mnong'ono mpaka ukaribiane na wimbo unaofuata, mshtuko wenyewe unatoka wapi? Nimesikiliza mpito huo kwa spika na kwa hedifoni, umekufa kote.

Kwa wasiojua kinachofanyika: CD ina dari. Sauti ikifika desibeli sifuri, ndio mwisho wa kipimo chake, hakuna pa kupanda tena. Ukitaka albamu nzima isikike kubwa kuliko ilivyokuwa, njia ni moja, unavibana vilele vya sauti kwa limita (kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango fulani) halafu unanyanyua vyote vilivyobaki. Nakilini matoleo yote mawili kwenye kompyuta, yafungueni kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti inayoichora kama mawimbi, mtaona wenyewe. La 1990 lina vilele na mabonde. La 2006 limejaa zaidi, na vilele vimekatwa usawa.

Na tafadhali, kabla mtu hajaja kuniambia "mimi naona mpya ni kali zaidi", apunguze kwanza sauti ya ile mpya mpaka mwimbaji asikike sawa na kwenye ya zamani. Sikio la binadamu linakipenda kile kilicho juu zaidi, hata kama tofauti ni ndogo tu. Huo ndio mtaji wa biashara yote hii. Sawazisha, rudia kusikiliza, ndipo tubishane.

Kinachonichefua kuliko vyote ni ukimya wa wanaotoa hizi CD. Kasha linasema imerimastiwa, nasi tunaelewa imesafishwa. Hakuna anayekwambia sauti imebanwa. Halafu matoleo yaliyofuata ya CD pekee, bila DVD, yakabeba rimasta ileile ya 2006, kasha jipya, pesa mpya. Tunauziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni yuleyule wa jana!

Niwe mkweli kwenye jambo moja: toleo la Ulaya la 2006 lilikuja na SACD (aina ya CD yenye sauti ya ubora wa juu) na DVD, na ndani yake mna mchanganyiko wa spika 5.1, yaani spika tano za kukuzunguka na moja ya besi. Huo ni mzuri, una nafasi, na aliyenao autunze. Ugomvi wangu ni ile stereo ya kawaida, ambayo ndiyo wengi tunaisikiliza.

Mnaonunua, msiamini picha wala mwaka ulioandikwa na muuzaji, kwa sababu 1990 imechapwa kwenye makasha mapya pia, pale kwenye hakimiliki. Mwambieni apige picha ubavu wa kasha na CD yenyewe. Ya mwanzo ya Uingereza ina namba CD STUMM 64, ya Marekani ina 26081. Ukiona DMCD7, hiyo ni ya 2006. Akikataa kupiga picha, achana naye hata kama bei inavutia.

Huyu wangu nimemdai anirudishie pesa yote pamoja na gharama ya posta, na bado ananizungusha. Mwenye CD STUMM 64 humu naomba aweke picha ya upande unaong'aa, ule mduara wa ndani wenye maandishi madogo madogo, nilinganishe na nyingine ninayotaka kuagiza kabla sijapigwa tena.