Modern Talking: wimbo upi moto, upi takataka? Tupeane uzoefu

Mwana_Buru

Wazee, akina dada, habari za jioni. Mabishano haya yamekaa kwenye grupu yetu ya WhatsApp wiki nzima na hayaishi, kwa hivyo nimeyaleta hapa kwa watu wenye masikio. Mada ni Modern Talking, wale Wajerumani wawili: Thomas Anders mwenye nywele ndefu na Dieter Bohlen mwenye gitaa. Masharti ni machache. Taja wimbo wao mmoja uliokubamba kuliko zote, mmoja ambao ungeufuta kwenye kaseti kama ingewezekana, halafu utuambie ulikutana nao wapi. Anayetaka kusema "zote ni kali" aende akalale.

Naanza mimi. Wimbo moto ni You're My Heart, You're My Soul, ile ya kwanza kabisa iliyotoka mwishoni mwa 1984. Takataka ni hiyo hiyo You're My Heart, ile waliyoirudia 1998 na kumwingiza jamaa wa kufoka katikati. Nani aliwaagiza rapu? Wimbo wenyewe uzuri wake ni ule utulivu: Anders anaimba beti chini chini, hana haraka, halafu kibwagizo kinapanda na zile sauti nyembamba zinamjibu kwa juu. Sasa mtu anaanza kushangilia, hapo pakavu ndipo jamaa anaingia na yo-yo zake.

Mimi niliupata kwa jirani yetu Buruburu, hapa Nairobi. Kaka mkubwa wa pale alikuwa amerekodishiwa kaseti River Road, imeandikwa kwa kalamu ya bluu "M. TALKING / BONEY M". Upande wa pili utepe uliisha kabla wimbo haujaisha, kibwagizo cha mwisho kikakatwa nusu na kitufe kikaruka, tak! Mpaka leo nikiusikia redioni, wimbo ukifika pale mimi hungoja ile tak.

KondaMstaafu

Buda, heshima yako, lakini hapo umeteleza. Hiyo ya 1998 ndiyo ililisha watoto wangu.

Nilikuwa konda wa matatu za 58, njia ya Buruburu, enzi za manyanga, zile matatu za muziki mkubwa, kabla sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, za 2004 hazijakuja na mikanda na ule mstari wa njano. Gari lenyewe lilikuwa na spika chini ya viti vyote vya nyuma. Ukiweka ile ya zamani, gari linalia kama redio ya jikoni, abiria wa nyuma hasikii kitu isipokuwa tsi tsi tsi. Ukiweka ya 1998, besi inaingia mpaka vioo vinatetemeka. Na hiyo rapu unayoitukana ndiyo ilikuwa inavuta vijana wa shule saa kumi jioni. Kijana wa form three alikuwa anaacha gari tupu liende akingoja letu, akiulizwa anasema "nangoja mziki". Wazee walikaa mbele na dereva, wanaimba kibwagizo, vijana nyuma wanafoka. Gari moja, watu wa rika mbili, wimbo mmoja. Nani mwingine aliweza hiyo?

Takataka: Atlantis Is Calling. Dereva wangu aliupenda kupita kiasi, sisemi zaidi.

Fundi_Luthuli

Konda amesema kweli kuhusu spika. Mimi nimekaa Luthuli Avenue nikitengeneza amplifaya tangu kaseti mpaka hizi za bluetooth, acha niwape ya kiufundi kidogo.

Watu hulalamika kwamba nyimbo za Modern Talking zinafanana. Zinafanana kwa sababu zilitoka jiko moja kwa haraka. Kati ya 1985 na 1987 walitoa albamu sita. Sita, kwa miaka mitatu! Bohlen alikuwa anatunga na kusimamia karibu kila kitu, na studioni alikuwa na mshirika wake, Luis Rodríguez. Ngoma ni za mashine, kinanda ndicho kimeshika mpango mzima, na utaratibu haubadiliki: beti, daraja fupi, kibwagizo, halafu kile kibwagizo cha pili cha sauti nyembamba.

Na hapo kwa sauti nyembamba ndipo wengi wamedanganywa na macho. Kwenye video unamwona Bohlen amefungua mdomo, unadhani ni yeye. Waliokuwa wanaimba pale juu studioni ni waimbaji wa kukodiwa: Rolf Köhler, Michael Scholz na Detlef Wiedeke. Kwa hivyo mnaposema "wawili", hesabuni vizuri. Mimi sioni ubaya, hata bendi zetu za zamani zilikuwa na watu ambao picha zao hazikufika kwenye jalada. Lakini ukitaka kujua nani aliyekubamba kwenye kile kibwagizo, shukrani ziende kwa wenyewe.

Wimbo wangu: Brother Louie, wa 1986. Huo ndio nilitumia kujaribu spika za wateja kwa miaka mingi. Ule mwanzo wa kinanda, kama twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, imeungua unajua hapo hapo, na ngoma ikigonga unajua kama wufa, ile kubwa ya besi, imepasuka. Mteja anasimama mlangoni, anasikia, anatikisa kichwa, analipa. Hata Waingereza, ambao hawakuwajali sana hawa jamaa, huo waliukubali ukafika nambari nne kwao.

Takataka: There's Too Much Blue in Missing You, kwenye albamu ya kwanza. Humo Bohlen ndiye ameshika maikrofoni mwenyewe. Usikilize mara moja tu, utaelewa kwa nini kazi hiyo aliachiwa Anders.

Mama_wa_Umoja

Nyinyi wanaume mmeanza na besi na spika, hakuna hata mmoja aliyetaja nyimbo za polepole. Give Me Peace on Earth. Hapo nimemaliza.

Nilikuwa shule ya bweni ya wasichana, na wakubwa wangu mnakumbuka barua za wakati huo. Karatasi yenye maua pembeni, unapuliziwa poda ndani ya bahasha, na mwisho kabisa wa barua kuna dedi, yaani wimbo unaomtunukia mwenzako. Barua bila dedi ilikuwa ni matusi. Sasa kulikuwa na mvulana wa shule ya jirani, barua yake ya kwanza dedi ilikuwa You're My Heart, You're My Soul. Sawa. Ya pili, You're the Lady of My Heart. Ya tatu, Doctor for My Heart. Rafiki yangu wa kitanda cha juu akasoma akaniambia, "Huyu hana mapenzi, huyu ana kaseti." Tulicheka mpaka matroni akaja. Nilimjibu na dedi ya Give Me Peace on Earth na akaelewa, hakuandika tena.

Kitu kingine, ile cheni ya Thomas Anders shingoni yenye jina NORA. Bweni letu lilikuwa na picha yake iliyokatwa kwenye gazeti, imebandikwa ndani ya mlango wa loka. Kuna waliosema Nora ni dini, kuna waliosema ni kampuni ya dhahabu. Alikuwa mke wake! Tulipojua, wasichana wawili walitoa picha siku hiyo hiyo.

Takataka: Geronimo's Cadillac. Mhindi Mwekundu na gari la kifahari na mapenzi, vyote ndani ya dakika tatu. Hapana.

Kijana_wa_Roysambu

Wazazi, shikamooni 😂 Mimi nimezaliwa 2001, Cheri Cheri Lady niliipata TikTok. Ni moto, hizo zingine sijui.

Mwana_Buru

@Kijana_wa_Roysambu, marahaba. Lakini ile ya TikTok ni sekunde kumi na tano tu. Enda usikilize yote, ya 1985, uanze mwanzo. Halafu urudi na wimbo wa takataka, masharti ni masharti.

@Mama_wa_Umoja, Geronimo naiacha, ila ujue ndiyo iliyowakatia mfululizo wao kule kwao. Walikuwa wamepiga nyimbo tano mfululizo zote nambari moja Ujerumani: You're My Heart, You Can Win If You Want, Cheri Cheri Lady, Brother Louie na hiyo Atlantis ya konda. Ya sita ikawa Geronimo, ikakwama. Kwa hivyo inaonekana hata Wajerumani walikubaliana na bweni lenu.

Mwalimu_Kasarani

Nimesoma kimya kimya, sasa nahitaji kutetea mwaka ambao hakuna anayeutaja: 1987. Kila mtu yuko 1985 na 1986 kama vile baadaye waliimba usingizini. Jet Airliner ni wimbo uliopangwa vizuri kuliko nusu ya hizo mnazozisifu. Una nafasi ya kupumua, sauti ya Anders imekomaa, na kibwagizo hakikupigii kelele. Shida ni kwamba kufikia hapo watu walikuwa wameshachoka, na wao wawili walikuwa wameshachokana. Mwaka huo huo wakaachana. Wimbo mzuri ukifika karamu imeisha, nani atakumbuka?

Niliupata kwa njia ya ajabu kidogo. Shule niliyofundisha mara ya kwanza ilikuwa na kasha la kaseti za Kiingereza za kufundishia matamshi. Moja mtu alikuwa amerekodi juu yake. Nikaiweka darasani, badala ya mwanamke wa Kiingereza kusema "repeat after me", ikaanza Jet Airliner. Darasa zima likasimama. Nilipaswa kuizima. Sikuizima.

Takataka: chochote kuanzia 2000 kwenda mbele. Walirudi 1998, sawa, tuliwapokea. Albamu ya Back for Good, ambayo kwa sehemu kubwa ni za zamani zilizopakwa rangi mpya, ikauza sana Ulaya. Wangeishia hapo. Badala yake wakaendelea mpaka 2003 wakitoa nyimbo ambazo hata nikichezewa sasa siwezi kutofautisha ipi ni ipi. Na hii nasema mimi niliyewatetea hapo juu.

Dada wa dedi, hiyo hesabu yako ya "heart" haijakamilika. Ongeza Angie's Heart, Only Love Can Break My Heart, na A Telegram to Your Heart. Kijana wako angefika form four bila kurudia.

Dada_Pangani

Mwalimu, "chochote kuanzia 2000" ni kauli ya mtu aliyefunga dirisha. Win the Race ya 2001 ni moto na nitaitetea mchana kweupe.

Kabla sijahamia Nairobi nilifanya kazi hotelini Diani, na mnajua kule Wajerumani walikuwa wengi. Jambo lililonishangaza: ukiwauliza mchana kuhusu Modern Talking, wanacheka kwa aibu, wanageuza macho, wanakuambia huo ni muziki wa kipuuzi, wao husikiliza vitu vya maana. Saa nne usiku baada ya bia tatu, mtu wa baa akiweka Cheri Cheri Lady, hao hao wako juu ya viti, wanaijua neno kwa neno, wanajua hata pale pa kupiga makofi. Kulikuwa na baba mmoja mzee, kimya sana, anakula samaki na kusoma kitabu kila jioni. Siku Win the Race ilipowekwa alifunga kitabu, akaniuliza kama ninajua kwamba kwao wimbo huo huchezwa kwenye televisheni wakati wa mashindano ya Formula 1. Sikujua. Akanielezea kila kona ya mbio moja aliyoiona, kwa mikono, akitumia chumvi na pilipili kama magari. Samaki akapoa.

Kwa hivyo mimi huo wimbo nikiusikia naona kichupa cha chumvi kikipita cha pilipili. Siwezi kuuita takataka.

Takataka yangu mtaninyonga: Brother Louie. Samahani, fundi. Umechezwa mno. Kila harusi, kila baa, kila duka la viatu. Hauna kosa lolote, umechoka tu.

Fundi_Luthuli

Dada, umechoka wewe. Spika haijawahi kuuchoka.

Kijana_wa_Roysambu

Nimerudi. Nimesikiliza Cheri Cheri Lady yote, kumbe kuna beti 😂 Nimesikiliza na hiyo You're My Heart zote mbili. Mzee @Mwana_Buru, nasema hivi kwa heshima: ya zamani ni tamu kwa earphones nikiwa kwa bed, ya 1998 ni ya gari. Hamkuwa mnabishana kuhusu wimbo, mlikuwa mnabishana kuhusu mahali.

Takataka yangu ni hiyo ya Bohlen kuimba mwenyewe. Fundi hakudanganya.

Mwana_Buru

Sawa, kijana, umeongea kama mtu mzima. Lakini rapu bado siitaki, hata kwa gari.

Mama_wa_Umoja

Ngojeni kwanza. @KondaMstaafu, ulisema 58? Wakati huo nilikuwa nimeolewa, tunakaa Buruburu, nafanya kazi tao. Kuna manyanga moja ya 58 ilikuwa inatuchezea Atlantis Is Calling kutoka Mutindwa mpaka stejini, ikiisha inarudishwa nyuma inaanza upya. Na konda alikuwa na kofia nyekundu. Ni wewe?

KondaMstaafu

Mama, kofia ni yangu, hiyo siwezi kukataa. Atlantis ilikuwa ya dereva. Akishuka kunywa chai mimi nilikuwa natoa kaseti naweka yangu, akirudi ananipigia kelele mbele ya abiria. Siku moja niliificha kabisa chini ya kiti cha nyuma, akaenda akanunua nyingine River Road na pesa za siku.

Mama_wa_Umoja

Kwa hivyo zilikuwa mbili?!

KondaMstaafu

Zilikuwa mbili. Na bado una shilingi kumi yangu ya chenji.