Thunderbird ya ofisini Kisumu inasumbua, nifomati leo usiku?

Nyavu_Kibuye: Wadau, hamjambo. Naomba ushauri wa haraka. Nashughulikia kompyuta za ofisi inayouza nyavu upande wa Kibuye. Barua pepe tunasoma kwa Thunderbird 128, akaunti ya POP, ile inayoshusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta. Tangu wiki jana inaomba nywila kila baada ya dakika chache. Nikiiweka inakubali, halafu inaomba tena. Inbox nayo imefunguka tupu, barua za miaka yote hazipo. Mashine ni ya zamani, Windows 7, RAM GB 4. Swali ni moja tu: nikifomati na kuweka kila kitu upya, shida itaisha? Fundi anakuja saa mbili usiku.

Fundi_Section58: Usifomati. Funga Thunderbird, nenda kwenye Run uandike %APPDATA%\Thunderbird\Profiles, ufungue profaili yako (folda yenye barua na mipangilio yako), ndani yake folda ya Mail, kisha folda yenye jina la seva. Tafuta faili mbili: Inbox isiyo na herufi zozote baada ya jina, na Inbox.msf. Ya kwanza ndiyo barua zenyewe, zimeunganishwa moja baada ya nyingine kama maandishi marefu. Ya pili ni faharasa tu. Kama Inbox ni kubwa na kwenye skrini hakuna kitu, futa hiyo .msf, fungua programu, itajijenga upya. Kama Inbox ni ndogo, barua haziko hapo na .msf haina la kukusaidia. Taja ukubwa.

Nyavu_Kibuye: Inbox ni MB 38.

Mzee_wa_Dunga: Miaka yote MB 38? Hizo ni omena, dagaa tu, ndugu yangu. Mbuta, samaki wakubwa wenyewe, wako wapi?

Milimani_Kimya: Chungulia karantini ya antivairasi. Ikikuta kiambatisho kimoja kibaya, huwa inabeba faili nzima ya Inbox, maana kwake hiyo ni faili moja tu. Itoe folda ya profaili kwenye orodha ya kukaguliwa, kisha kwenye mipangilio ya faragha na usalama ya Thunderbird uweke alama pale inaporuhusu antivairasi kutenga barua moja moja zinapoingia. Na jambo ambalo wengi hawalijui: barua uliyofuta haitoki kwenye faili hiyo mpaka folda ibanwe (Compact). Kabla ya hapo, aliye na faili anaisoma kwa Notepad.

Kakamega_Askari: Mimi naona mnakwepa. Microsoft iliacha kuirekebisha Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Anayefanyia kazi za ofisi humo asishangae. Hamia Windows ambayo bado inarekebishwa, acha POP, tumia IMAP (inayoacha barua kwenye seva) poti 993 na SMTP (ya kutuma) poti 465, zote kwa SSL/TLS, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri. Hayo mengine ni kupaka rangi nyumba iliyooza.

Mama_Seva: Ndugu yangu, hakuna anayeita fundi usiku kwa sababu ya Inbox tupu. Mficha uchi hazai. Nini kingine kimetokea?

Nyavu_Kibuye: Hakuna kingine kikubwa.

Mama_Seva: Basi ungengoja Jumatatu.

Nyavu_Kibuye: Sawa mama. Jana mteja wetu wa Busia alipiga simu. Alikuwa na ankara yetu, ikamfuata ya pili yenye bei zilezile, nembo yetu, ila akaunti ya benki ni nyingine. Sisi hatukutuma ya pili. Hajalipa. Bosi anasema ni virusi, kompyuta ifomatiwe leo. Na kusema kweli naona ana haki, kirusi gani kitabaki baada ya kufomati? Fundi ameshalipwa nusu.

Mama_Seva: Hilo ndilo ungeanza nalo. Kufomati hakutagusa mahali mwizi alipo, na kutaharibu ushahidi wako. Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Mpigie mteja kwa namba mliyokuwa nayo zamani, si iliyo kwenye hiyo ankara, umwambie asilipe chochote. Ingia kwenye barua pepe kwa kivinjari, si kwa Thunderbird, ukiwa kwenye mashine unayoiamini. Fungua Settings, halafu Filters. Kama seva inatumia cPanel (ukurasa wa kuisimamia seva) angalia pia Forwarders na Email Filters. Unatafuta kanuni inayoforwadi barua nje au inayoficha barua zenye maneno kama "invoice" na "payment". Kanuni ya namna hiyo haihitaji nywila tena ikishawekwa. Utabadilisha nywila mara kumi, utafomati mara kumi, nayo inaendelea kutuma.

Rongai_Nakuru: Wangekuwa wanasimba barua kwa OpenPGP, yaani kuzifunga kwa siri ili asome mlengwa tu, haya yote yasingetokea. Iko ndani ya Thunderbird yenyewe tangu toleo la 78, mwaka 2020.

Milimani_Kimya: Mteja wa Busia na OpenPGP? Hata hao wanaosimba walipata yao Mei 2018, udhaifu ulioitwa EFAIL, pale barua ya HTML iliweza kuchomoa maandishi yaliyokwisha kusimbuliwa na kuyapeleka nje kupitia anwani ya picha. La maana zaidi kwa ofisi ya kawaida: nenda View, Message Body As, uchague Plain Text, na usiruhusu picha za nje kujifungua.

Kakamega_Askari: Na kama taarifa za wateja zimevuja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa anayesimamia data (hapa ni ofisi) saa 72 tangu ajue, awe amemjulisha Kamishna wa Data pale penye hatari ya kweli kwa wahusika. Saa zilianza kuhesabika jana, si leo.

Kondele_Macho: Subirini. Mnamwaga elimu kwa mtu anayewadanganya. Amesema Windows 7 na amesema Thunderbird 128. 128 haiingii Windows 7, toleo la mwisho kwa Windows 7 na 8.1 ni 115. Hii hadithi imetungwa. Kesho mtasikia "je, mwizi huweka kanuni gani ili asionekane?"

Mzee_wa_Dunga: Nilijua. Nyavu bila samaki.

Nyavu_Kibuye: Siwezi kutunga nikiwa natoka jasho hivi. Ni mashine mbili, nilizichanganya kwa kuandika haraka. Laptopu ya bosi ni Windows 10 na ina 128. Ya mhasibu ndiyo Windows 7, ina 115. Nilinakili profaili ya bosi kwa flashi nikaiweka kwa mhasibu ili naye atume ankara. Ilikataa, ikasema profaili ni ya toleo jipya zaidi, nikaifungua kwa --allow-downgrade. Si kosa, ilifanya kazi.

Fundi_Section58: Ilifanya kazi nusu. Wakati wa kunakili, kuna faili ilikataa?

Nyavu_Kibuye: Moja ilisema ni kubwa mno kwa flashi. Nikabonyeza Skip.

Fundi_Section58: Mbuta ndiye huyo, mzee. Flashi nyingi huja na FAT32, ambayo haibebi faili moja inayozidi GB 4 hata kama nafasi ni GB 64. Inbox ya bosi ilibaki kwa bosi. Hiyo MB 38 ni barua zilizoingia baadaye. Na sasa sikiliza vizuri: kwa POP, Thunderbird kwa kawaida huacha barua kwenye seva siku 14 tu. Barua za miaka yote ziko kwenye laptopu ya bosi peke yake. Hebu sema, leo fundi anafomati ipi?

Nyavu_Kibuye: Ya bosi.

Fundi_Section58: Mpigie fundi sasa hivi asitoke nyumbani.

Fundi_Section58: Narudi kwenye nywila. POP hufunga kisanduku kwa ajili ya mmoja kwa wakati mmoja. Mwingine akibisha hodi seva humkataa, na programu huishia kumwomba nywila. Ila mashine mbili zinazochungulia kila dakika 10 zitagongana mara mojamoja, si kila baada ya dakika chache. Hesabuni tena mko wangapi.

Milimani_Kimya: Flashi iko wapi?

Nyavu_Kibuye: Mhasibu anayo. Huwa anachapishia nayo kwenye saiba ya mjini.

Milimani_Kimya: Ndani yake kuna logins.json na key4.db. Kama bosi hakuweka Primary Password (nywila kuu inayolinda nywila zilizohifadhiwa), faili hizo mbili zinatosha. Anayezinakili anaziweka kwenye profaili yake, anabonyeza Saved Passwords, anasoma nywila kama gazeti.

Kondele_Macho: Bado sijaamini. Kwa mhasibu ulibadilisha nini kingine?

Nyavu_Kibuye: Ilikuwa inakataa cheti cha seva, kile kinachothibitisha kuwa seva ni yenyewe. Nikabonyeza Confirm Security Exception. Pia niliona mahali wanasema security.tls.version.min (kiwango cha chini cha TLS kinachokubaliwa) iwekwe 1, nikaweka. Ilibidi, mhasibu alikuwa ananisubiri.

Mama_Seva: Saa ya hiyo kompyuta inasema mwaka gani?

Nyavu_Kibuye: 2015. Betri ya ndani ilikufa, na mhasibu haigusi saa. Wateja hulalamika barua zake zinaangukia chini kabisa ya orodha.

Mama_Seva: Kwa hiyo cheti hakikuwa na kosa. Kompyuta ilidhani cheti bado hakijaanza kutumika. Nunua betri ya CR2032, rekebisha tarehe, rudisha ile namba iwe 3 ili isikubali chini ya TLS 1.2, kisha futa ile ruhusa: Privacy & Security, Manage Certificates, sehemu ya Servers. Sasa jibu hili: ankara ya uongo ilimfikia mteja ikiwa na tarehe gani?

Nyavu_Kibuye: Nimempigia. Ya jana, ilikuwa juu kabisa. Na amesema hajalipa.

Mama_Seva: Basi haikutoka kwa Thunderbird ya mhasibu, ingekuwa ya 2015. Mwambie mteja aihifadhi kama faili ya .eml na akutumie ikiwa kiambatisho, asiiforwadi kawaida, vichwa (mistari iliyofichwa inayoonyesha barua ilikopitia) vitapotea. Ukiifungua bonyeza Ctrl+U. Mistari ya Received isome kutoka chini kwenda juu. Kwenye Authentication-Results, kama spf na dkim (vipimo vya kuthibitisha barua imetoka wapi) ni pass kwa jina la kampuni yenu herufi kwa herufi, imepita kwa seva yenu kwa nywila yenu.

Nyavu_Kibuye: Niko kwenye kivinjari, Filters. Kuna kanuni moja. Jina lake ni nukta tu. Inasema kichwa cha habari cha barua (Subject) kikiwa na "invoice" au "malipo", peleka nakala kwa anwani fulani nisiyoijua.

Kondele_Macho: Samahani ndugu. Nafuta nilichosema.

Mama_Seva: Usiifute bado. Piga picha ya skrini, anwani nzima ionekane. Kisha izime, ndipo ubadilishe nywila, na uombe kampuni ya seva ikupe kumbukumbu za walioingia na IP zao kabla hazijafutwa.

Nyavu_Kibuye: Nimepiga picha, nimeizima. Fundi amefika getini na bosi anauliza kwa nini laptopu bado imewashwa.

Fundi_Section58: Mwambie inanakiliwa kwanza kwenye diski ya NTFS, inayobeba faili kubwa. Na angalia tena kama hiyo Inbox imeingia yote, ukubwa ulingane baiti kwa baiti.