Uniambie "fanya kazi kwa akili" mfuko wa saruji ukiwa begani?

Karai Kavu:
Wakuu, natoka saiti sasa hivi, hata mikono sijanawa. Yule mhamasishaji wa video za ndani ya gari, mnamjua, leo kaja kuangalia nyumba ya shemeji yake. Mimi napita na mfuko begani, kilo 50. Akanisimamisha. Nasema AKANISIMAMISHA, mfuko begani! "Kijana, fanya kazi kwa akili, siyo kwa nguvu. Utabeba mpaka lini?" Kiatu chake kakiweka juu ya mfuko mtupu kisishike vumbi. Kaongea mpaka shingo yangu ikazama kifuani, na mfuko upo begani!

Akili ninayo. Nani kapima zege leo, saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, bila karatasi? Nani kawakataza vijana wasiongeze maji ili koroga iwe rahisi, halafu jamvi, sakafu ya zege, lije kupasuka? Zege likishakorogwa halingoji mtu atafakari, linashika. Na kesho nani atalimwagilia, siku saba, asubuhi na jioni? Hapo nipunguze nini, ndoo?

Hata kunipokea hakunipokea. Mfuko begani, yeye anaongea!

Mgosi wa Tanga:
Si ungeutua? Hahaha, ndiyo akili aliyokuwa anaisema.

Karai Kavu:
Niutue, halafu nani anitwishe tena? Wewe umewahi kubeba hata kiroba cha sembe?

Bibi Chaki:
Afadhali yako. Mimi nina wanafunzi 94 darasa moja, semina wametuambia tusahihishe "kimkakati". Madaftari 94! Kimkakati ndiyo kutosoma?

Boda wa Mbagala:
Mimi niliambiwa nitafute hela inayoingia nikiwa nimelala. Pikipiki ya mkataba hii! Nikilala siku mbili hesabu haijatimia, tajiri kachukua chombo.

Kota Namba Sita:
Kodini mikseri, acheni kulia.

Karai Kavu:
Na mikseri inajazwa na nani? Kwa karai hili hili!

Shangazi Ukonga:
Mafundi mnyamaze kabisa. Mmoja kala hela yangu ya milango tangu Ramadhani, simu hapokei.

Karai Kavu:
Shangazi, mimi si seremala. Tunaongelea mfuko.

Mgosi wa Tanga:
Shangazi, milango ya mninga?

Shangazi Ukonga:
Nililipia mninga. Mmoja aliouleta ni wa paini, kapaka rangi ya mninga!

Boda wa Mbagala:
Hahahaha, paini! Shangazi weka picha.